Mkono wa Mgongoni

Somoe alipiga korosho kwa jiwe. Ganda lilipasuka, na kiini kikakatika vipande viwili. Akasonya. Kiini kilichokatika mnunuzi wa Masasi hakitaki.

"Na hii nayo!" alisema, akijipaka majivu tena viganjani ili mafuta ya maganda yasimbabue. "Leo kila kitu kinakatika."

Mbele yake, bintiye Ziada alibana korosho kwa vidole vya mguu vilivyopakwa majivu, akapiga mara moja kwa mkono wa kushoto, nao umejaa majivu. Kiini kikatoka kizima. Mkono wake wa kulia, uliokauka kwa homa tangu akiwa wa kubebwa, ulilala pajani.

Asubuhi walikuwa shuleni, kwenye uandikishaji wa darasa la kwanza. Ulikuwa mwaka wao wa tatu kwenda na kurudi. Mwalimu Cuthbert, aliyehamia Mnyambe kutoka Bukoba, hakuwa mtu mkali. Madawati yalikuwa machache na watoto wengi, tena wengi hawana vyeti vya kuzaliwa. Kwa hiyo aliwapima kama wazazi wao walivyopimwa: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Mkono ukifika, umri umefika.

"Inua, mwanangu," alimwambia Ziada.

Ziada alijaribu. Mkono uliishia begani.

"Bado, Mama Ziada. Mlete mwakani."

"Mwalimu, mkono huu hauinuki. Mwakani utainuliwa na nini?"

"Naelewa, mama. Lakini nikimwandika bila kumpima, hawa wanaosubiri nitawaambia nini?"

"Justin wa Imakulata hajang'oka hata jino moja, umemwandika!"

"Mkono wake umefika."

"Yule ana mikono ya nyani! Kwa hiyo wangu atakuwa na miaka sita mpaka azeeke?"

Foleni nzima ilicheka. Mwalimu aliinamisha kichwa, haikujulikana anaficha cheko au haya.

"Kesho ndiyo mwisho," alisema taratibu. "Nafasi imebaki moja. Mkono wake ukifika, nitamwandika."

Sasa jua lilikuwa limeshaegemea upande wa bondeni, na lundo la korosho halijapungua hata nusu.

"Siku hizi korosho ananunua yeyote anayetaka, si chama cha ushirika peke yake," Somoe alinung'unika. "Kila mlango umefunguliwa. Shule peke yake ndiyo bado inataka mkono mmoja." Akapiga. Kiini kikakatika.

"Mama, usipige kwa hasira."

"Nyamaza! Wewe nawe ulisimama pale kama kigingi cha mbuzi, mkono mgongoni!"

"Si wewe uliyenikataza? Ulisema mkono wa kushoto, mbele za watu, ukae mgongoni."

Ni kweli Somoe alimfundisha hivyo, tangu siku Ziada alipompa shangazi yake kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto, na shangazi akakiweka chini bila kunywa.

Aliweka jiwe pembeni.

"Inua," alisema.

"Upi?"

"Huo ninaokukataza."

Ziada alimtazama mama yake kwanza, kuhakikisha. Kisha akauinua ule wa kushoto. Ulipita juu ya nywele, ukashika sikio la kulia, ukalizidi, ukafika shavuni.

"Mwalimu atasema si mkono wenyewe," Ziada alisema, mkono ukiwa bado kichwani.

"Atasema." Somoe alisonya, safari hii polepole. "Na mimi nitasema."

Giza lilianza kuingia baina ya mikorosho. Somoe alifunika lundo kwa ungo, akaweka jiwe juu yake, korosho zisubiri mpaka watakaporudi kutoka shuleni kesho. Ziada akachota maji kidogo kwa kata, akaanza kunawa uso.

"Hilo sikio liache, kesho Mwalimu alione," mama yake alisema.

Ziada akageuka. Sikioni kulikuwa na alama za vidole vinne, nyeupe kwa majivu.