Mrija wa Mukantwari

"Huo mrija siutii mdomoni tena, hata ukiuchemsha," alisema jirani Donatille, na ua mzima wa Mukantwari ukatega masikio.

"Juzi uliutia," alisema Mukantwari.

"Juzi nilikuwa sijasikia redio."

Mukantwari alibaki amesimama na chungu chake cha pombe ya ndizi. Mtaa mzima wa Gitega ulijua: kwake hakuna bilauri. Chungu kimoja, mrija mmoja, unatoka mdomo huu unaingia ule, na anayeukataa ametangaza ugomvi. Sasa wateja walikuwa wanachomoa mirija yao mifukoni kama wagonjwa waliokuja na sindano zao. Wengine hawakuja kabisa. Na mjane yule hakuwa na kazi nyingine.

"Redio imesema nini, Mama Liliane?" alimuuliza Donatille.

"Profesa Jean-Berchmans kasema. Msomi wa viumbe, kasomea Ulaya. Habari za kwamba viumbe vyote vina asili moja ni uongo wa wazungu. Tazama jicho tu, anasema, lazima kuna Fundi. Na Fundi kaumba kila aina mbali, hakuchanganya. Mbuzi iko mbuzi, ng'ombe iko ng'ombe."

"Na mimi iko nini?"

"Kuna neno kwenye kitambulisho chako, penye kabila. Sikuliandika mimi."

Wakacheka. Toka vita vianze kule kaskazini, watu walikuwa wamejifunza kucheka hivyo, bila kutazamana.

Mukantwari alimjua msomi huyo. Berchmans huyo, kabla ya gari na nyumba ya Kiyovu, mtaa wa wakubwa, alipanga chumba uani kwake, mwanafunzi wa shati moja, akinyonya mrija huu huu mpaka chungu kinalia. Jumapili angehutubia ukumbi wa kanisa, kisha angekula kwa Donatille. Neno lake moja lingetosha kuwarudisha wateja.

Jumapili akamvizia mlangoni kwa Donatille, chungu na mrija mkononi. Profesa alikuwa keshakaribishwa. Akatoka sebuleni kumsalimia, ananukia manukato, kwapani kakumbatia chupa aliyoionyesha kanisani, yenye jicho la ng'ombe linaloelea kwenye dawa. Majirani walijaa nyuma yake.

"Berchmans mwanangu, ulikunywa kwangu. Vuta funda moja tu, wakuone."

Aliutazama mrija. Kisha akawatazama majirani, uso hadi uso, kama mtu anayepima bei.

"Mama, mimi ni mtu wa sayansi. Sikutaja watu. Nilisema mbuzi na ng'ombe."

"Basi kunywa."

"Pombe niliacha," alisema. Povu la bia lilikuwa bado kwenye masharubu yake.

Kuna aliyekohoa kuficha kicheko. Profesa akarudi ndani, akaitua chupa mezani, katikati ya ndizi na nyama ya mbuzi. Jicho likazunguka polepole, likatulia likitazama mlango.

Donatille, mbele ya mgeni, akawa mwema.

"Jamani, mtu asisimame nje kama mbwa. Sisi ni Wakristo." Akaisogeza chupa kando, akapangusa pembe ya meza kwa kiganja. "Karibu ndani ule, Mukantwari. Kimbia tu nyumbani, ulete sahani yako."