Sare ya Kinanda

Mume wangu alipokatwa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, watu walinipa pole kwa ukimya ambao ungeingia nyumbani. Ukimya gani? Mtu yule alirudi kutoka hospitali na simu mkononi, akaanza kuniandikia ujumbe, na hajapumzika mpaka leo. Tunaweza kukaa meza moja, magoti yanagusana, simu yangu ikalia: kuna habari. Na habari zenyewe zote ni za sinthesaiza, yaani vile vinanda vya umeme ambamo sauti haitoki kwenye nyuzi wala mabomba, bali inapikwa na umeme wenyewe humo humo kwenye nyaya.

“Mama watoto, unajua kuna kinanda kinachopigwa bila kuguswa? Mpigaji anapunga mikono hewani tu.” Mimi nakata kitambaa. “Unajua kulikuwa na kimoja kilichojaza chumba kizima, kabati baada ya kabati, na hakitoi wimbo mpaka utoboe tundu kwenye karatasi?” Mimi natia uzi kwenye sindano. “Unajua vya zamani vilikuwa vinaringa? Vikipata joto vinahama sauti, wapiga muziki wanasafiri na feni.” Nilikuwa namjibu neno moja kwa yote: Sawa baba. Mke wa mtu anayependa kitu hujifunza kusema sawa baba hata usingizini.

Tunafanya kazi chumba kimoja, kile cha mbele kinachotazama barabara. Yeye ni fundi wa redio na televisheni, anakaa upande wa kushoto na koleo zake na moshi wa risasi anayochomelea. Mimi ni fundi cherehani, nakaa upande wa kulia na pasi na vitambaa vya watu. Katikati tuna zulia ambalo ndilo mpaka, nao hauheshimiwi. Nimewahi kumkabidhi bibi harusi gauni lenye skrubu ndani ya pindo.

Kabla ya ugonjwa, mume wangu alikuwa besi, mwimbaji wa sauti ya chini, katika kwaya ya mtaa wetu. Kwaya hiyo haina ala yoyote, ni vinywa tu, na mwalimu wake ni mwanamke mdogo kwa binti yetu lakini mkali kama pilipili. Ana kifilimbi kidogo cha chuma anachokivaa shingoni. Kabla ya wimbo anakipuliza, waimbaji wanachukua sauti yao hapo. Wimbo ukiisha anakipuliza tena, mbele ya watu wote bila haya, kuona kama kwaya imerudi pale ilipoanzia. Ikiwa imeteleza, kila mtu ukumbini anasikia. Mwalimu mwingine angeogopa kujianika hivyo. Huyu anasema anayeficha maradhi kifo humuumbua.

Mume wangu hakulilia kuongea. Alilia kuimba tu. Siku za mazoezi zilipofika alikuwa anajifanya ana kazi nyingi, anafungua redio nzima na kuifunga tena. Mimi niliona. Moyo uliniuma, nikashona kwa kasi.

Halafu akaanza kuokota. Kibodi ya kinanda kilichokufa, bodi za redio za watu waliohama, spika ya gari. Mezani kwake kikaota kitu kama sanduku la viatu lililotoa matumbo. Spika aliifungia ndani ya kopo la rangi, juu ya kopo akabandika faneli yangu ya jikoni, ile ya kumiminia mafuta, na kwenye faneli akachomeka mrija wa plastiki. Sikuulizwa kuhusu faneli. Nikasubiri nione mwisho wake.

Mwisho wake ulikuja asubuhi moja nikiwa napiga pasi suruali ya mteja. Nilisikia mtu ananiita. Sauti nene, ya chini kabisa, kama inatoka chini ya sakafu: “Mama watoto. Chai.”

Niligeuka. Mume wangu alikuwa ameweka mrija kwenye pembe ya mdomo, kidole kimoja kwenye kibodi, macho yamemtoka. Sauti ilitoka kwenye mashine, ikapanda kwenye mrija, ikaingia kinywani mwake, na yeye akaikata maneno kwa ulimi na midomo, kama alivyokuwa akiikata sauti yake mwenyewe.

“Rudia,” nikasema.

“Chai,” akasema, akapandisha noti mbili. “Chai, chai, chai.”

Nilikaa chini kwenye zulia nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikagundua ninalia, kisha tukanusa suruali ya mteja inaungua. Siku hiyo yote hakuna aliyefanya kazi. Alinisalimu kwa sauti ya tembo, akanisalimu kwa sauti ya mbu. Akiwa dirishani alimwagiza muuza vocha, yule muuza vocha akatazama juu ya paa.

Tulimpelekea mwalimu wa kwaya mashine kwa toroli. Alitusikiliza akiwa amekunja mikono.

“Shikamoo, mzee. Nimefurahi kukuona,” alisema. “Ila kwaya yangu haina ala, na wewe unajua.”

Mume wangu akaweka mrija mdomoni. “Mimi si ala,” mashine ikasema. “Mimi ni besi.”

Mwalimu alishika kifilimbi. Alimpa noti, akaipata. Alimpa nyingine, akaipata. Mwishowe akasema, “Kuna tamasha Jumamosi. Utaimba wimbo mmoja, ule mrefu wa polepole. Nikipuliza mwishoni tukawa pale pale tulipoanzia, kiti chako ni chako. Ukitutoa nje ya sauti, mzee wangu, utanisamehe, utakaa na wageni. Siwezi kuwa na besi anayehama.”

“Haki,” ikasema mashine.

“Na kila mwanakwaya avae sare,” mwalimu akaongeza, akituaga.

Sasa hapo ndipo akili yangu ya ufundi ilipochemka. Kila mwanakwaya. Mume wangu sare anayo, ya zambarau yenye ukosi mweupe, niliishona mwenyewe. Lakini ile mashine? Iende mbele ya watu na matumbo yake nje, kopo la rangi na faneli ya jikoni? Mimi nikiwa fundi wa mtaa mzima? Wangesema nini?

Nilifunga mlango, nikapima. Nilikata zambarau ile ile ya kwaya. Nilitia bitana, na kati ya kitambaa na bitana nikatia sponji nzuri nene ili kipande kikae kikakamavu. Nilishona ukosi mweupe unaozunguka faneli, vifungo mbele, tundu la mrija lenye pindo safi, na nyuma nikakaza kwa zipu ili pasionekane hata waya mmoja. Nimeshona makoti ya wakubwa katika maisha yangu. Hakuna lililokaa mwilini vizuri kama lile.

Niliivisha mashine Jumamosi dakika chache kabla hawajaingia jukwaani. Mume wangu alipoiona hakuwa na nafasi ya kuandika ujumbe. Aliniangalia tu, akaligusa lile koti ukosini, machozi yakamlengalenga. Nilijiona nimemaliza kazi.

Ukumbi ulijaa pomoni. Nilikaa safu ya mbele. Mume wangu alisimama pembeni ya mabesi na mashine yake kwenye meza ndogo, wote wawili wa zambarau. Karibu yake alikuwa jirani yetu tunayemwita Pipa, besi mwenzake wa miaka mingi, na upande wa pili wasichana wa sauti ya juu wakiongozwa na mama muuza maua anayeitwa Kengele. Mwalimu akapuliza kifilimbi. Wakaanza.

Jamani, ilikuwa tamu. Sauti ya mume wangu ilipita chini ya zile nyingine zote, nzito, imetulia, na maneno yanasikika. Nyuma yangu mtu alimwuliza mwenzake ni nani huyo anayeimba na mrija, nikageuka nikamwambia ni wangu.

Ubeti wa pili nilihisi jambo. Wimbo ulikuwa umechangamka kidogo, kama umeamka. Ubeti wa tatu niliwaona mabesi wamenyoosha shingo. Pipa, ambaye huimba kidevu kikiwa kifuani, alikuwa anatazama taa. Na Kengele, maskini, alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu.

Taa za jukwaa zilikuwa kali. Ndani ya lile koti, chini ya sponji, na zipu imekazwa, kinanda kilikuwa kinachemka. Hapo hapo nikakumbuka. Vikipata joto vinahama sauti. Wapiga muziki wanasafiri na feni. Aliniandikia, na mimi nikamjibu sawa baba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilimpa mume wangu ishara. Nilijipepea kwa mikono yote miwili, nikajifanya nafungua vifungo vya blauzi yangu. Mama aliyekaa kando yangu alisogea. Mume wangu alinitabasamia, mrija mdomoni, akaendelea. Angejuaje? Kila alipokwenda, kwaya nzima ilikuwa naye, hakuna aliyempinga. Kinanda kikapanda unywele, mabesi wakapanda unywele, wa juu wakabebwa. Ubeti wa mwisho ulikuwa mahali ambapo sijawahi kusikia binadamu akiimba. Kengele alifumba macho akaitoa noti yake kama mtu anayeruka ukuta, akatua salama upande wa pili. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi bila kujua sababu.

Mwalimu hakugeuka kuwashukuru. Alishika kifilimbi. Akapuliza.

Noti ya kifilimbi ilisikika huko chini kabisa, ya kusikitisha, kama mtu aliyeachwa na basi. Watu waliangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Alikitoa kidole kwenye kibodi, akautoa mrija mdomoni, akaanza kuuviringisha taratibu. Alikuwa anajiandaa kwenda kukaa na wageni. Nilitaka ardhi inimeze, mimi na cherehani yangu.

“Nani ametupandisha?” mwalimu akauliza.

“Mimi,” nikasema, na nikajikuta nimesimama. “Mwalimu, ni mimi. Nimekivalisha koti, kimepata joto. Yeye hana kosa.”

“Mama, nitakuja kwako,” akasema mwalimu. “Nawauliza wanakwaya.”

Pipa akakohoa. “Ni yeye, mwalimu. Alipanda, tukapanda naye.”

“Hamkusikia kwamba mnapanda?”

“Tulisikia,” Pipa akasema. “Mimi nilisikia vizuri, koo hili hapa shahidi. Lakini mwalimu, ngoja nikuulize. Tangu huyu mtu aumwe, umepuliza hicho kifilimbi mara ngapi tukawa salama? Hakuna hata mara moja. Besi mmoja huku, mwingine kule, wa juu wanalia peke yao. Tumekuwa tukipotea kila mtu kivyake. Leo tumepotea wote pamoja.”

Mwalimu alimtazama Kengele.

“Mimi nimefika mahali sikujua napafahamu,” Kengele akasema, bado anahema. “Sirudi tena kule, lakini sikuwa naogopa. Chini yangu palikuwa na mtu.”

Mwalimu akanigeukia. “Mama, njoo umvue huyo koti.”

Nilipanda jukwaani mbele ya watu wote nikafungua zipu. Joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Pipa akaanza kuipepea mashine kwa karatasi ya nyimbo, Kengele akajiunga, na punde kwaya nzima ilikuwa imezunguka kopo la rangi ikilipepea, huku wageni wakipiga makofi ya kuhesabu mapigo. Mume wangu alisimama katikati yao hajui afanye nini na uso wake. Aliirekebisha sauti kwa kitufe kidogo cha kuzungusha, akiwa ameinamisha sikio.

Wakauimba wimbo ule ule tangu mwanzo. Sitausimulia. Ulipoisha mwalimu akapuliza, na noti ya kifilimbi haikusikika kabisa, kwa sababu ilikuwa imeingia ndani ya ile waliyokuwa wameishikilia.

Mwalimu hakumtazama mume wangu. Aliikunjua karatasi ya wimbo uliofuata, akasema kana kwamba ni jambo dogo, “Mabesi, sogeeni. Mmembana mwenzenu.”

Wakasogea. Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kukosa habari ya kunipa, aliurudisha mrija mdomoni na hakusema neno. Alibonyeza noti ya chini kuliko zote akaituliza hapo. Pipa akaingia nayo, kisha mabesi wengine, kisha safu nzima ya nyuma, na mimi nikalia kwa furaha nikiwa nimelikumbatia lile koti la moto. Mwalimu alikuwa bado hajainua mkono.