B.P. 190/110, Kashikishi

Pierrette alimwonea Régine wivu tangu siku ya barua, na wivu wenyewe ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki: hautoki, haushuki.

Yote yalianzia kwenye benchi. Nje ya zahanati kuna benchi la saruji, na kila baada ya wiki mbili, Jumanne, wagonjwa wa sukari na wa presha hukaa pale wakingoja dawa ambazo mara zipo, mara hazipo. Pierrette ndiye aliyeligeuza benchi hilo kuwa chama. Sukari alikuwa nayo miaka tisa. Alivuka nayo ziwa kutoka Pweto, Kongo, akauza nayo samaki wakavu sokoni Kashikishi, upande wa Zambia, ikamla vidole viwili vya mguu. Kibemba, lugha ya wenyeji, alikijua, na Wakongomani waliokuja juzijuzi hawakukijua, kwa hiyo yeye ndiye aliyewatafsiria mbele ya sista Febby, muuguzi. Hakuna aliyeingia kwa sista bila kupitia kwake, na hilo, tuseme ukweli, lilimpendeza sana.

Tena alikuwa na neno lake. Dawa zilipokosekana aliunyoosha mguu wenye bandeji na kulisema: "Mi naonea kolera wivu. Kolera ikiingia hapa, kesho yake mahema, magari ya mweupe, hata waziri anakuja. Siye tunakufa polepole, hakuna mutu anatuogopa." Benchi zima lilicheka, na wengine walifuta macho.

Basi akaja Gaëlle, binti wa shirika moja la Lubumbashi. Alieleza kwamba marais wa dunia watakaa mkutano juu ya magonjwa yasiyoambukiza, sukari, presha, moyo, kansa, na kwamba wakubwa hawatatoa fedha wala sheria kama wagonjwa wenyewe hawapigi kelele. Alitaka barua moja kutoka ziwa Mweru, ikasomwe mbele yao. Pierrette alijiweka sawa kwenye benchi. Angekuwa nani mwingine?

Akawa Régine.

Régine hakuwa hata mgonjwa, au ndivyo alivyojua. Alikuwa mwalimu huko Moba kabla ya kukimbilia kambi ya Mantapala. Mumewe, Ilunga, alikufa kwa sukari, naye aliendelea kuja kwenye benchi kwa kuwa alikwisha kulizoea. Barua yake ya Kifaransa ilijaza kurasa mbili, kwa mwandiko uliopangika kama wa kitabu. Pierrette hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Gaëlle aliisoma akiigeuza kwa Kiswahili ili wote waelewe, na alipofika katikati Pierrette akasikia: tunaionea kolera wivu. Neno lake. Watu wakapiga makofi, na makofi hayo yote yakaenda kwa Régine.

"Ile ni maneno yako, Pierrette," Régine alimwambia akitabasamu. "Nimeweka sababu iko ya kweli."

Hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Pierrette zaidi. Mtu mbaya, Pierrette angemchukia kwa raha.

Siku hiyohiyo Gaëlle alikuwa ameleta mashine mpya ya kupimia presha, na sista Febby akampima kila aliyekuwapo. Alipofika kwa Régine alitazama namba, akapima tena, akaandika kwenye kadi: BP 190/110. Kisha akamgeukia Pierrette na kusema kwa Kibemba, harakaharaka, kwamba huyu asiende nyumbani bila dawa, dawa leo zipo, mwambie asicheze, mshipa unaweza kupasuka wakati wowote. Palepale akaitwa kwenye chumba cha wazazi.

Régine akaisoma kadi. Kwa Mzambia yeyote BP ni presha. Kwa Mkongomani, ambaye presha huiita tansyo, herufi hizo zina maana moja tu: boîte postale, sanduku la posta. Régine alikuwa ameziona juu ya kila barua ya ofisi maishani mwake.

"Banatupatia boîte postale?" aliuliza, uso umemng'aa. "Ili ba président wakijibu, barua ipite hapa?"

Pierrette alifungua kinywa. Dirisha la dawa lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Lakini aliwaza marais wote wakimcheka mwalimu mzima aliyeandika presha mahali pa anwani, na wazo hilo likawa tamu kuliko sukari yote aliyokatazwa.

"Njo vile," akakubali.

"Na sista anasema nini ingine?"

"Anasema aksanti ya barua."

Régine akaongeza chini ya jina lake: B.P. 190/110, Kashikishi. Gaëlle, naye Mkongomani aliyezoea tansyo ya kuandikwa 19/11, hakuona la ajabu. Akaikunja barua na kwenda zake.

Siku tatu Pierrette alijichekea peke yake. Siku ya nne kicheko kilimwisha, akabaki na hofu. Kila asubuhi alijiapia kwamba leo atamwambia, na kila alipomwona Régine sokoni, watu wakimwamkia "mwalimu wa marais", aliinamia samaki wake akajifanya anawahesabu. Siku ya kumi na moja Régine akaanguka penye chanja za samaki.

Gaëlle aliporudi, alitaka pia barua ile irekodiwe kwa sauti. Régine alikuwa kitandani zahanati, mkono wa kulia umekufa, mdomo umekwenda upande. Alielewa kila kitu, lakini maneno yalimtoka mojamoja. Akamnyooshea kidole Pierrette. Wakakubaliana: Gaëlle amnong'oneze kila sentensi kwa Kiswahili, Pierrette aiseme. Simu ikawekwa juu ya shuka, ikaanza kurekodi.

Pierrette alipata alichokitaka. Alisema vizuri, na penye kolera alisema vizuri zaidi. Mwishoni Gaëlle akanong'ona, "Boîte postale 190/110, Kashikishi."

Pierrette hakuirudia hiyo. Badala yake akasema, "Ile haiko boîte postale. Ni tansyo yake. Sista alisema apewe dawa siku ileile, mi nilisikia. Régine aliniuliza, mi nikamudanganya. Sababu walimuchagua yeye, hawakunichagua mi."

Gaëlle alinyoosha mkono kuizima simu. Régine akaushika mkono huo kwa mkono wake wa kushoto. Alimtazama Pierrette muda mrefu. Hakukuwa na msamaha usoni mwake, wala Pierrette hakuuomba.

"Acha," Régine alisema. "Basikie. Na adresse... ibakie. Njo kwenye... tunaikala."

Hata sasa, mdomo ukiwa upande, ni yeye aliyepata neno zuri, kwamba kwenye presha ndiko wanakoishi, na Pierrette akahisi ule mwiba ukisogea kooni. Akaiinamia simu.

"Adresse yetu njo hii," alisema. "B.P. mia moja makumi tisa juu ya mia moja na kumi, Kashikishi. Mujibu mbio. Mi nilichelewa siku kumi na moja."