Jina la Mdogo Wake

Mashabiki walimwita Mshale. Miaka kumi na sita alikimbia pembeni mwa uwanja na mabeki wakabaki kushika hewa. Picha yake bado imetundikwa ofisi za shirikisho: mfungaji mdogo kuliko wote katika timu ya taifa, miaka kumi na saba.

Siku ile alikuwa na ishirini na miwili.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa cha mdogo wake. Wakala aliyesaka vijana alisema wazi kwamba mchezaji wa umri ule asiyejulikana hana mnunuzi. Basi ndugu wakabadilishana vyeti, na majina yakafuata vyeti. Wakala akaonya: hata nyumbani msiitane kwa majina ya zamani. Tangu hapo mama yao aliwaita wote wawili "mwanangu", ulimi usije ukateleza.

Shuleni walimrudisha mdogo mlangoni. Mtu mzima kidato cha tatu anatafuta nini? Akaenda kujifunza useremala.

Mshale alipotundika daluga, mdogo alimfuata, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kaka, mpira umeisha. Nirudishie jina langu."

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Wanataka kunipa nishani."

"Haya. Nimesubiri miaka kumi na sita, wiki mbili zitanishinda?" Akacheka.

Baada ya nishani ikaja kazi ya kuchambua mechi redioni. Leo na kesho zikazaa miaka tisa. Kisha Jumanne moja moyo wa mdogo ukasimama, akaanguka karakanani juu ya kabati ambalo hajalimaliza.

Mama alisema jambo moja tu: "Nilimzaa, nikampa jina. Mzike nalo."

Ndiyo maana asubuhi ya Alhamisi Mshale alikaa mbele ya karani wa vizazi na vifo, kuomba kibali cha mazishi.

"Mshale mwenyewe," karani alisema, akimvutia kiti. "Lile goli lako la fainali nilivunja meza ya shemeji yangu. Mpaka leo hatuelewani. Pole sana, kaka. Naona marehemu alikuwa mkubwa wako."

"Mdogo wangu."

"Hapa anakuzidi miaka mitano."

"Tulibadilishana vyeti. Jina ninalotumia ni lake. Nataka azikwe nalo."

Karani aliweka kalamu chini. "Mzee, ngoja nijifanye sijasikia. Watakufuta kila mahali."

"Wafute."

"Na mimi nawasimanga wanangu kila siku. Kumi na saba, nawaambia, na nyinyi mmelala." Alivuta droo, akatazama fomu, akairudisha. "Kurekebisha cheti, mwenyewe anakuja kutia dole gumba hapa mbele yangu. Ungemleta hata wiki iliyopita."

"Alikuwa tayari kuja kwa miaka tisa yote."

"Basi ni mahakamani, na huko ni miezi. Maiti haisubiri." Akapiga muhuri. Kibali kikatoka na jina la mtu aliye hai.

Makaburini watu walikuwa wengi, baadhi na jezi za klabu yake ya zamani. Kabla ya udongo kurudishwa, Mshale alisimama akaeleza yote, bila kumtupia wakala lawama. Akatamka jina la mdogo wake mara tatu, kwa sauti, hadi waliosimama nyuma walisikia. Mzee mmoja aliyevaa skafu ya klabu aliivua, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Mafundi waliofanya kazi na marehemu walitazamana. Walimjua kwa jina jingine.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hakulia. Alimtazama mwanawe aliyebaki, akamwita kwa jina alilompa siku ya kuzaliwa, ambalo halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka ishirini na mitano.

Mshale aliendelea kutazama kaburi.

Mama akaita tena, safari hii taratibu zaidi.

Dada yao ndiye aliyemgusa bega. "Kaka," alinong'ona, "ni wewe unayeitwa."