Desibeli Tatu Tu

Wainaina alisimamisha kifaa chake cha kupimia kelele juu ya miguu mitatu katikati ya uwanja wetu, akakivisha kofia nyeusi ya sponji, kisha akarudi nyuma taratibu kama mtu aliyelaza mtoto mchanga. Kilikuwa kidogo, hakikuzidi rimoti ya televisheni. Nilikuwa nimekingojea tangu mvua za masika, na nilipokiona moyo ulininyong'onyea. Mashine iliyotutesa ilikuwa kubwa kama lori.

Mashine yenyewe ilikuwa ng'ambo ya ukuta, katika kiwanda cha Gachau cha kuyeyusha plastiki kuukuu. Sisi ndio tuliotangulia kujenga hapa Gitothua, yeye akaja baadaye na ngurumo yake. Ilinguruma mchana na usiku, zamu kwa zamu, hata Jumapili, maana Gachau alisema plastiki haiendi kanisani. Majirani walizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Aliyeshindwa ni mume wangu Kivuva, Baba Mutie.

Kivuva alikuwa mtu wa sauti. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo kule Thika, na wenzake wanakumbuka alivyokuwa akimwita mtu aliye mwisho wa jengo, juu ya kelele za mitambo yote, na mtu akageuka. Halafu akapigwa na stroke, kiharusi. Ilimwachia mkono mmoja, na sauti ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Dada wa hospitali aliyekuwa akimfundisha mazoezi alinivuta kando, akaniambia, "Mama, sauti ni kama mguu. Asipoitumia, itakufa. Aongee kila siku, ajisikie, na ajibiwe."

Basi jaribu kufanya hivyo kando ya mashine ya Gachau. Kivuva alisema neno, nikauliza amesemaje, akarudia, nikainama mpaka sikio likagusa mdomo wake, kisha nikabahatisha. Alitaka maji, nikampa sweta. Mwanzoni tulicheka. Baadaye mimi ndiye niliyebaki nikicheka peke yangu, na kicheko cha mtu mmoja hakina utamu. Nilimchukia Gachau mpaka nikawa nabadilisha njia nikimwona. Na kuna siku, Mungu anajua, nilimkasirikia Kivuva mwenyewe, kwa nini hapazi sauti.

Ndipo nikapeleka malalamiko kwa ofisi ya mazingira ya kaunti. Wakatuma Wainaina.

Alifika Alhamisi, siku ambayo jumuiya yetu ya kanisa hutembelea wagonjwa. Mama Idah, mwenyekiti wetu, hakuwa mtu wa kuahirisha sala kwa sababu ya mgeni wa serikali. Akina mama walikuwa chumbani tayari, wamemzunguka Kivuva na rozari na kayamba, wakimwomba Mungu aifunge mashine ile. Kwa hiyo maelezo ya Wainaina niliyasikia peke yangu, pale uwanjani.

"Napima mara mbili, mama," alisema kwa sauti ya juu. "Kwanza mashine ikiwa off, nijue mtaa wenyewe uko aje. Halafu ikiwa on. Ile difference ndiyo kesi yenu. Lakini Gachau amekubali kuzima mara moja tu, dakika chache. Plastiki ikipoa huko ndani inaganda kama jiwe."

Akapiga simu. Mashine ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza.

Sijui nieleze vipi. Nilisikia majani ya mgomba wetu. Nilisikia ndege. Nilikuwa bado nashangaa ndege anatoka wapi, vigelegele vilipolipuka chumbani.

"Ngai fafa! Mungu Baba!" Ni Mama Idah. "Imefungwa! Amejibu! Wamama, amejibu!"

Walitoka nje wote, kayamba juu, nyimbo juu, wakakizunguka kile kifaa kama wanampokea askofu. Niliwakimbilia nikipunga mikono wanyamaze, wakadhani nacheza. Mama Idah alinidaka kiuno, akanizungusha. Wainaina alipiga kelele, lakini nani angemsikia? Ukimya wa kwanza baada ya miezi, tukaujaza wenyewe mpaka pomoni. Kisha mashine ikarudi, na wimbo ukawafia mdomoni mmoja mmoja.

Wainaina alisoma kioo cha kifaa kwa muda. "Bila mashine, sitini na nane. Na mashine, sabini na moja."

"Si imezidi?" nikauliza.

"Imezidi na desibeli tatu." Alijifuta uso. "Mama, hesabu ya hii kitu si ya viazi. Tatu maana yake nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Hiyo mashine ni kama hawa wamama wote, halafu uwalete wengine kama wao. Lakini wakubwa wangu wakiona tatu, wataona tatu tu."

"Si urudie?"

"Gachau hazimi tena. Na kifaa kimeweka kile kilisikia."

Mama Idah alikaa chini kwenye nyasi, kayamba mapajani, akalia kwa aibu. Nilimshika bega, ingawa nilitamani kumtikisa.

Labda Wainaina alinionea huruma. Aliomba kumwona mgonjwa, akaingia, akashika kile kifaa karibu na kitanda. Humo ndani kilisoma hamsini na tisa. "Mzee, hebu sema kitu," aliomba. Kivuva akasema. Niliona shingo yake ikikaza kwa bidii. Hamsini na tisa. Akasema tena. Namba haikusogea.

"Sauti ndogo ikikaa ndani ya kubwa," Wainaina alisema, bila kunitazama, "kifaa hakiioni kabisa."

Kivuva alikuwa ameona namba ile pia.

Majibu yalikuja kabla ya Julai kuisha: tofauti haitoshi, shauri limefungwa. Nikamsomea. Alitikisa kichwa, akageukia ukutani.

Mwezi wa nane transfoma ya mtaa iliungua, tukakaa bila stima kutwa nzima. Gitothua yote ilinyamaza. Nilitoka jikoni mbio, nikaacha sufuria motoni, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba Mutie, ongea sasa. Hakuna kelele. Ongea, nitakusikia."

Alinitazama, akafungua mdomo, akaongea. Yalikuwa maneno mengi. Midomo ilienda, uso ukabadilika pale pa kubadilika, na alipofika kwenye jambo zito aliinua kidole, kama zamani. Hakukuwa na sauti yoyote. Nilisikia uji ukifurika jikoni. Alipomaliza, alinyamazisha midomo, akangoja nimjibu.

"Ni kweli, Baba Mutie," nikamwambia. "Ni kweli kabisa."