Fundi Aipima Mashine

Mwanangu wa kwanza ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi niliyemzaa. Ana miaka hamsini na sita. Tangu ana ishirini na tatu anasikia sauti za watu ambao hawapo, na tangu siku hizo anavuta sigara. Vidonge vya kliniki huzituliza sauti. Kumfanya avimeze ndiyo ilikuwa kazi, nami nikabuni njia yangu: kidonge kimoja, sigara moja. Asubuhi moja, jioni moja. Pakiti naifungia kwenye droo ya cherehani, ufunguo nautia fundo kwenye pindo la nguo. Zaidi ya miaka thelathini nikijiona hodari.

Mwaka huu kliniki wakabandika tangazo ukutani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini maandishi makubwa nayaweza, kidole kikitangulia. Lilisema wavutaji wa sigara wa muda mrefu, waliofika miaka hamsini, waje wapigwe picha ya mapafu hata kama hawaumwi, ili saratani ikiwepo ikamatwe ingali ndogo. Nikamwendea nesi wetu. Si mtu mbaya, huyo. Akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba Fundi ni kiziwi, kwamba picha ile inataka mtu wa kutulia, na hawa wetu sigara ndiyo starehe yao, nimwache tu. Fundi alikuwa hapo hapo kwenye benchi, anakaza kifungo cha shati lake.

"Mwanangu," nikamwambia nesi, "nimelisoma lote. Halijasema waje wenye kichwa kizima tu."

Akanitazama, akacheka kidogo, akavuta kalamu akaandika barua.

Haya, barua ninayo, mwenye mapafu hataki. Fundi alisema mashine ile ya picha itamnyonya mawazo iyamwage kwenye karatasi, kila apitaye asome. Nikabembeleza wiki mbili. Mwisho nikamwahidi kwamba akikubali kulala kwenye mashine, nampa pakiti nzima. Binti yake, mjukuu wangu, alikuwa anapiga pasi suruali za wateja. Akaisimamisha pasi.

"Bibi, unamhonga baba sigara ili akapimwe madhara ya sigara?"

Tulicheka sote, na Fundi akacheka mpaka akashika meza. Kicheko kilipoisha, neno la mjukuu likabaki nami. Nikavuta kigoda, nikamuuliza mwanangu swali ambalo miaka yote sikuwahi kumuuliza: yeye mwenyewe anataka iweje. Akaweka mguu juu ya pedali ya cherehani.

"Nataka niipime kwanza," akasema.

Siku ya siku tukaenda. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye haraka. Akanigeukia mimi, akauliza mgonjwa anavuta sigara ngapi kwa siku. Nikajibu bila wasiwasi kwamba ni mbili.

"Kumi na nane," akasema Fundi. "Mama anazijua mbili zake. Nyingine wananipa wateja."

Niliona aibu, sifichi. Lakini kuanzia hapo kijana aliacha kuniuliza mimi, akawa anamuuliza Fundi. Fundi akamwomba ruhusa ya kupima mashine. Akavua tepu shingoni, akapima lile tundu la mashine, ambamo mtu huingizwa akiwa amelala, upande hadi upande, akapima kitanda chake, taratibu, kama anampimia suti mteja mnene asiyetaka kuchekwa.

"Sentimita sabini," akasema. "Mabega yangu arobaini na saba. Napita. Na kichwani je, inasoma?"

Kijana, haraka yake sijui ilikwenda wapi, akamwonyesha kwa mkono kuwa picha inaanzia shingoni kwenda chini. Fundi akatoa chaki mfukoni, akajichora mstari mweupe kwenye ukosi wa shati.

"Usipite hapa."

"Sipiti, Fundi."

Akalala. Wakamwambia avute pumzi aizuie, akaizuia. Nilikuwa nyuma ya kioo, naizuia na yangu. Sijamaliza kuomba dua, wakasema tayari.

Wiki iliyofuata daktari alimwonyesha Fundi doa kwenye pafu la kulia, dogo kama kichwa cha pini. Huenda ni kovu tu, alisema, arudi baada ya miezi mitatu waone kama limekua. Na sigara azipunguze huku wakimwangalia, maana moshi hupunguza nguvu ya vidonge, na zikipungua huenda dozi ikahitaji kupimwa upya. Fundi akasema anaelewa, nguo hupimwa kabla ya kukatwa na hujaribiwa kabla ya kumalizwa.

Tulipofika nyumbani nikalifungua fundo, nikampa ufunguo. Kidonge sasa anameza na chai, mwenyewe, bila kuhongwa. Sitawadanganya kwamba ameacha sigara. Anaziandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, na jana vistari vilikuwa sita. Mteja akimnyooshea sigara humwonyesha vile vistari, kisha humwuliza anataka mikono mirefu au mifupi. Juu kabisa ya meza ameandika tarehe ya picha ya pili, na amekataza mtu yeyote asiifute. Droo ile ya sigara sasa tunawekea vifungo vya mashati.