Tasi wa Mkwe Wangu

Kwetu Liuli mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hawasemeshani. Maneno hupitia kwa mke. Kwa hiyo siku Erasmo, mume wa binti yangu Tadea, alipokuja mara ya kwanza kutoka Mtwara, alikaa barazani akatupa mgongo. Mimi nilikuwa jikoni na Vitalia, mke wa mwanangu.

Tadea akaingia na deli la barafu.

"Mama, hawa ni tasi, samaki wa baharini. Mume wangu anasema muwe waangalifu, wana miiba."

"Samaki gani hana miiba?" Vitalia akacheka. "Wifi, mwambie shemeji sisi tumekulia kwenye miiba."

Tadea naye akacheka, akabeba ndoo akaenda ziwani.

Nikamtoa mmoja, nikamtazama. Bapa, rangi ya udongo mkavu, madoa meupe kama amenyunyiziwa unga. Kadomo kadogo kama ka sungura. Nilipompasua, tumboni nilikuta majani matupu, yananuka. Nikajisemea, huyu kazi yake ni kula majani tu kama mbuzi, ataniumiza nini?

Vitalia alimshika wa pili kama tunavyoshika magege wa ziwani: kiganja mgongoni, unalaza miiba kuelekea mkiani. Magege akikuchoma unanyonya kidole, basi.

Kisu kikaanguka.

"Mama! Moto! Mkono wangu unaungua!"

Tundu lilikuwa dogo kama la sindano, lakini jasho lilikuwa linamtiririka. Kidole kikaanza kuvimba nikikiangalia. Nikamwagia maji ya baridi, akazidi kulia. Jirani yetu Leopold akaja mbio na mpira wa baiskeli na wembe.

"Hii ni sumu kama ya nyoka. Tufunge, tuchanje haraka!"

"Ngoja, Leopold."

"Ningoje nini, bibi? Ifike moyoni?"

Tadea hakuonekana njiani. Mwenye kumjua samaki huyu alikuwa hatua kumi kutoka pale, na sikuwahi kumtamkia neno. Leopold alishakamata kile kidole. Nikatoka barazani.

"Mkwe! Samaki wako amemchoma Vitalia."

Erasmo akaruka, akageukia ukutani, akafunika uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, acha hayo! Mwiba wa mgongoni. Leopold anataka kumkata."

"Asimkate! Maji ya moto, mama. Ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, atumbukize mkono."

"Atakufa?"

"Kwa tasi? Hafi. Ila atatamani."

Maji ya ugali yalikuwa yanachemka. Nikayapunguza makali, nikayapima kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto, nikamtumbukiza mkono. Akapiga ukelele. Leopold akabaki na wembe wake hewani. Yakipoa naongeza, yakipoa naongeza. Sikuharakisha. Baada ya muda mrefu Vitalia akashusha pumzi.

"Yule aliyenichoma," akasema, "kipande chake niwekeeni mimi."

Tadea akaingia na ndoo kichwani, akatukodolea macho. Nikapaza sauti, ingawa alikuwa mbele yangu:

"Mwambie mumeo, huku miiba ni ile inayokwama kooni. Siku nyingine aseme sumu!"

Tadea hajafungua mdomo, sauti ikatoka barazani:

"Nimesikia, mama."